Jina la Mgongoni la Horace Greenwood

Ukifika Royd Edge, kule juu kwenye vilima vya Yorkshire, ukagonga mlango wowote na kuuliza nyumba ya Greenwood, utajibiwa kwa swali: Greenwood yupi? Mwenye duka ni Greenwood, mpiga kinanda wa kanisani ni Greenwood, na makaburini unaweza kupita safu nzima usikutane na jina jingine. Ndiyo maana wenyeji hawalitumii. Jina la ukoo wamewaachia polisi na madaktari. Wao kwa wao humtaja mtu kwa mzazi wake, na ikibidi kwa mzazi wa mzazi wake: Willie wa Tabitha, Enoch wa Sam wa Kinuni.

Na jina hilo, adabu haikubali litamkwe mbele ya mwenyewe. Ukiwepo unaitwa Willie, basi. Ukishageuza kisogo ndipo unakuwa Willie wa Tabitha. Wenyewe huliita jina la mgongoni, na kwa sheria hiyo kila mtu huyasikia majina ya wenzake wote isipokuwa lake.

Horace Greenwood alikuwa muuza maziwa wa kijiji hicho. Greenwood alikuwa kwa kuzaliwa, lakini wa Norfolk, nchi tambarare ambayo ukipanda juu ya kiti unamwona jirani wa wilaya nyingine. Alimaliza jeshi, akasikia kwamba kiwanda cha maziwa huku milimani kinatafuta dereva, akaja. Asubuhi yake ya kwanza alifanya kosa ambalo mpaka leo linasimuliwa. Alipita nyumba hadi nyumba, akivua kofia kwa heshima zote, akisema, "Habari za asubuhi, mama. Mimi naitwa Greenwood."

Kwa Royd Edge hiyo ni sawa na kujitambulisha kwamba unaitwa Mtu. Wanawake walifunga milango wakacheka mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, wakawa wanamwita usoni "Bwana Greenwood", jina ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuitwa pale. Ulikuwa utani, na watu wa milimani ni wachoyo wa utani. Hawampi mtu wasiyempenda. Lakini Horace alitoka kwa watu wanaosema wanachomaanisha. Kila alipoitwa Bwana Greenwood alisikia mlango ukifungwa taratibu mbele ya pua yake.

Alimwoa Annis, binti wa mzee Jud. Naye alikuwa Greenwood, kwa hiyo siku ya harusi hakubadilisha kitu ila anwani. Mzee Jud, aliyekuwa anaomba Mungu ampe mkwe mwenye shamba, alisema kwamba fujo yote ile ya keki na maua haikuiletea familia hata jina jipya. Aliendelea kusema hivyo kila Krismasi mpaka alipofariki. Horace alikuwa akicheka pamoja na wenzake, kisha akitoka nje kuwatazama kondoo wasiokuwa wake.

Msidhani alikuwa na huzuni. Alikuwa mtu wa furaha, na nawaambieni hivyo kwa kuwa nilimjua. Aliipenda kazi yake. Alipenda ukungu unavyolala bondeni asubuhi huku yeye yuko juu kwenye jua, na alipenda chupa zinavyogongana garini akikata kona ya darajani. Alijua nani vidole vyake vimekakamaa hawezi kufungua kifuniko cha chupa, akamfungulia. Mwaka ule theluji ilipofika madirishani alifunga kreti kwenye kigari cha watoto cha kuteleza akazipandisha kwa kamba, kilima kizima, na hakuna mtoto aliyekosa maziwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu jembe alilishika siku ya kwanza na bado alijihesabu mgeni.

Siku moja alimuuliza mkewe kama watu wana jina la mgongoni kwa ajili yake. Annis alikuwa anakanda unga. Alimwambia kwamba kuuliza jina lako la mgongoni ni sawa na kuuliza majirani wanasemaje kuhusu supu yako: ukiambiwa, utakuwa umeomba mwenyewe. Mila ni mila, hata kwa mume. Horace akajijibu mwenyewe: bila shaka walimwita "yule wa Norfolk". Hakuuliza tena.

Basi alipokaribia kustaafu, kaka yake Percy alimpigia simu kutoka Norfolk. Nyumba ndogo jirani yake imebaki wazi, bustani yake tambarare, haina hata ngazi moja. Mwenye nyumba anamwekea mpaka mwisho wa mwezi. Percy alimwambia kwamba mtu huzeeka kwao, na mkataa kwao ni mtumwa. Horace alimweleza Annis. Annis akasema, "Utakakokwenda nitakwenda," kisha akaichukua sufuria safi akaiosha tena. Horace aliiona ile sufuria. Hakumjibu Percy ndiyo wala siyo. Alingoja kitu kimoja kitakachoinamisha mizani.

Kitu hicho alidhani amekipata ukumbini mwa kanisa, kwenye mazungumzo ya mwalimu mstaafu, Bwana Uttley, kuhusu jina Greenwood. Ukumbi ulijaa pomoni, maana nani asiyependa kusikia habari zake mwenyewe? Mwalimu alieleza kwamba maana yake haina fumbo, ni msitu wa kijani, na kwamba zamani, watu walipoanza kushika majina ya ukoo, aliyeishi kando ya msitu wa namna hiyo aliitwa kwa msitu wake. Wengi huamini kwamba Greenwood wa mabonde haya walitokana na shamba moja la kale lililokuwa ukingoni mwa msitu, wakazaana mpaka wakajaza makanisa. Yeye alikuwa amekwenda maktaba kubwa mjini akahesabu katika vitabu vya simu vya nchi nzima. Kitabu cha huku kwetu, alisema, Greenwood wanajaza kurasa, mtu anachoka kugeuza. Ukivuka milima kwenda Lancashire bado ni wengi. Ukishuka kusini wanapungua kama mvi kwenye kichwa cha kijana, na huko pwani ya mashariki unawakuta wachache tu, hapa mmoja, pale mwingine.

Horace alikuwa amekaa mstari wa mbele, ameshonewa kola mpya. Nia yake aliijua Annis peke yake: alitaka kusikia kwamba zamani sana mtu mmoja alitoka katika shamba lile akaenda Norfolk, ili yeye, alipokuja huku, awe alikuwa anarudi. Mwalimu alipokaribisha maswali, alisimama.

"Na sisi wa Norfolk, mwalimu, tumetoka shamba lipi?"

"Nyie ni msitu mwingine, Bwana Greenwood," mwalimu akajibu kwa upole. "Miti ya kijani iko kila mahali. Jina ni moja, mizizi mbalimbali."

Watu walicheka, kicheko cha mema tu, na Horace akacheka nao akakaa. Lakini njiani kurudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba Jumapili atampigia Percy akubali ile nyumba. Annis alisema sawa. Walitembea wameshikana mikono mpaka mlangoni.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo gari la maziwa lilimzimikia Horace darajani kabla hajafika nusu ya mzunguko. Likavutwa mpaka mjini, naye akiwa ndani ya lori la fundi. Huko akaambiwa kifaa kitapatikana kesho, basi akaamua kurudi kwa miguu kupitia juu ya vilima, safari ndefu lakini nzuri siku yenye jua. Annis alikuwa kwa dada yake bonde la pili tangu asubuhi.

Mchana huo hospitali ya mjini ilipiga simu dukani kwa Lettice, kwa kuwa ndiyo simu inayopokewa siku zote pale kijijini. Sauti ya msichana ilisema wanasikitika, Horace Greenwood amefariki, na familia iarifiwe. Lettice aliuliza, "Horace yupi?" Simu ilikuwa imeshakatwa.

Palikuwa na Horace wawili. Wa pili alikuwa Horace wa Martha, mzee wa miaka tisini aliyelazwa tangu Pasaka. Lakini habari zilizokuwepo ni kwamba bintiye alimtoa Jumapili akampeleka kwake. Wala hazikuwa za uongo, ila hakuna aliyejua kwamba Jumatano alirudishwa. Juu ya hayo, maziwa ya upande wa juu hayakuletwa, na Willie wa Tabitha aliliona gari la maziwa likivutwa, kiti cha dereva kitupu. Nani angehitaji ushahidi zaidi?

Watu wa Royd Edge hawajui kumwambia mtu pole, lakini wanajua kuchemsha paja la nguruwe. Kuzikwa bila paja la nguruwe mezani ni aibu ambayo ukoo hubeba vizazi. Kabla ya saa kumi mapaja mawili yalikuwa yamefika kwa Annis, pamoja na haradali, mikate na keki ya zabibu kavu. Ufunguo waliuchukua chini ya chungu cha maua. Walifungua sebule ya mbele, ile inayofunguliwa Krismasi na msibani tu, wakashusha mapazia, wakakaa kumngoja mjane.

Mjane alishuka basi akamkuta marehemu kwenye geti la nyuma, anachechemea kwa malengelenge. Wote wawili waliyaona mapazia. Waliingia jikoni, na Horace, kwa amri ya nyumba ile, akavua viatu kwanza. Annis aliona nyama mezani akaelewa yote kwa mara moja. Horace alikuwa ameshashika kitasa cha sebuleni. Annis akamkamata mkono akamwekea kidole mdomoni. Alitaka asikie.

Ndani alikuwa anazungumza Enoch, mpiga kinanda. Alisema labda kaka wa marehemu apigiwe simu, maana ndugu zake watataka kumchukua akazikwe kwao.

"Kwao wapi?" Lettice akauliza.

"Norfolk, dada. Si unajua."

"Ninachojua mimi ni kwamba Horace wa Annis wa Jud hana kwao kwingine. Mwaka wa theluji, mume wangu yuko kitandani hajiwezi, nani alinipandishia maziwa kwa kamba? Norfolk? Huko atalala na watu gani wanaomjua?"

"Sijakataa mimi, nimeuliza tu," Enoch akasema. "Kama ni hapa, kaburi la akina Jud, jeneza juu ya jeneza, lina nafasi moja juu."

"Juu ya Jud mwenyewe?"

"Juu yake hasa. Miaka yote ile alimsumbua mtoto wa watu kwa habari za shamba. Sasa atambeba."

Mtu mmoja alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio, ikasikika anapenga kamasi.

Horace alisimama na viatu mkononi. Alirudia kwa kunong'ona, polepole, kama mtu anavyojaribu koti kabla ya kulinunua: Horace wa Annis wa Jud.

"Tangu lini?" akamuuliza mkewe.

"Tangu wiki ndoa yetu ilipotangazwa kanisani," Annis akasema. "Ungelisikiaje? Ilibidi ufe kwanza."

Horace alilia. Alilia waziwazi, mtu mzima, akajifuta kwa kitambaa cha kukaushia vyombo, na Annis akamwachia akichafue. Kisha akafungua mlango akaingia sebuleni na soksi zake.

Hakuna aliyepiga kelele. Si watu wa kelele. Uma ulianguka. Lettice alimkagua kuanzia soksi mpaka utosini, akarudia mara ya pili kuhakikisha.

"Bwana Greenwood," akasema, "maziwa yangu hayajafika leo."

Safari hii Horace aliusikia utani wenyewe, na mapenzi yaliyokuwa ndani yake miaka yote. Alijibu kwamba yako mjini kwa fundi, na kwamba anaomba radhi. Hapo ndipo mtu mmoja aliposema, taratibu, "Basi ni Horace wa Martha," na wote wakainamisha vichwa, maana mzee yule alikuwa mwema na alikuwa amechoka. Wakakubaliana mapaja yote mawili yapelekwe kwa bintiye, ila wakate vipande vichache kwanza, kwa kuwa hakuna aliyekula mchana.

Enoch alikuwa bado mwekundu mpaka masikioni. Akamuuliza Horace kama yule kaka yake wa Norfolk apigiwe au asipigiwe.

"Nitampigia mwenyewe," Horace akasema. "Nitamwambia ile nyumba wampe mtu mwingine, mimi nina nafasi yangu juu ya Jud. Nanyi msiniharakishe."

Annis, ambaye hakuwa ametoa chozi kwa ajili ya mume aliyekufa, akaegemea mlango akalia kwa ajili ya aliye hai. Lettice akamletea kiti, akaenda jikoni kuweka birika motoni.