Mbuzi Aliyelelewa kwa Dagaa

Katika watu wote waliotoka Unguja wakaja Maskati miaka ile baada ya Mapinduzi, sikumjua mwingine mwenye diploma ya mifugo. Niliisomea bara kwa jasho langu, bila mjomba wala mkono wa mtu. Nayasema haya mapema kwa sababu mwaka wetu wa kwanza hapa elimu yangu yote ilijaribiwa na mbuzi mmoja na mgonjwa mmoja, na mgonjwa mwenyewe alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa ameacha kula. Mkate wa hapa aliuona mgumu, wali aliusukuma pembeni, samaki hakutaka hata kumwona. Yalibaki maziwa. Nikaenda Qantab, kijiji cha wavuvi karibu na mji, nikanunua mbuzi jike mwenye kiwele kilichojaa. Mama akaonja, akatema kwenye leso.

"Samaki! Umeninunulia mbuzi au papa?"

Kila mtu hapa alilisha mbuzi wake dagaa wakavu na kokwa za tende zilizochemshwa, maana majani yalikuwa adimu na bahari iko mlangoni. Nikamwachisha dagaa. Nikamletea qatt, yale majani mabichi laini yanayolimwa kwenye bustani za visima, ambayo mbuzi wa Unguja wangeyapigania. Huyu akanusa, akakunja mdomo, akageukia ukuta. Kesho yake vilevile. Maziwa yakapungua mpaka hayakufunika hata kitako cha bakuli.

"Sasa tuna wagonjwa wawili, bwana," mke wangu alisema, "na wote wamekununia."

Nilikuwa najua jambo ambalo wengine hawakujishughulisha nalo. Mbuzi hujifunza chakula akiwa mdogo, ubavuni mwa mama yake. Ladha aliyoizoea huko ndiyo chakula. Nyingine ni takataka, hata ikiwa bora. Basi nikachemsha dagaa, nikaacha mchuzi upoe, nikaurashia juu ya qatt. Akala mpaka akalamba sakafu. Baadaye nikawa napunguza mchuzi kidogo kidogo, nampa mara tu nikishamkama, ili harufu ipate muda wa kumtoka kabla ya kukamwa tena. Hayo si mambo ya kubahatisha. Nani mwingine Maskati angeyapanga hivyo?

Maziwa yakarudi. Harufu ilipungua, lakini haikwisha, na mama hakuwa na muda wa kusubiri. Bangili zake, zilizokuwa zikimbana, sasa ziliteleza mpaka kiwikoni akiinua mkono. Nikachukua bakuli, nikalifukiza ubani kama yeye alivyokuwa akifukiza mitungi ya maji kule kwetu, nikatia maziwa, nikampelekea.

Alinusa muda mrefu. Kisha akanishika mkono, akaunusa nao.

"Dagaa," alisema.

Nikamsogezea bakuli.

"Mbuzi umempaka majani dagaa, mimi umenipaka maziwa ubani. Diploma yako imemweza mbuzi, baba. Mimi si mbuzi."

"Kunywa, mama. Nnakuomba."

"Wale wangu, nani anawapa majani sasa?"

Siku tuliyoondoka Unguja aliwafungua mbuzi wake kamba, akaacha mlango wa uani wazi. Nikamjibu mama kwamba jirani anawatazama. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba jirani naye alikwisha kuondoka.

Akalitazama bakuli. Akanywa nusu, akapumzika, akamaliza. Nilitaka kucheka kwa furaha, lakini uso wake ulinizuia.

"Kesho usifukize," alisema. "Nikiusikia ubani nnaiona nyumba yangu. Bora huo usamaki."

Tangu siku hiyo nilimpelekea maziwa bila ubani. Aliyanywa yote kila asubuhi, ameziba pua kwa ncha ya kanga. Bangili zikarudi mahali pake. Watu wakanisifu, nami nikazipokea sifa, kwani zilikuwa haki yangu. Lakini chetezo cha ubani kilibaki juu ya kabati, na mama alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kukishusha.