Bega la Mzee Hemedi

Usiku ule nililala mapema, viatu nimeviacha mlangoni na tope lake, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa nimewatembeza wageni kwenye mvua na mwili ulikuwa umechoka kabisa. Nilikuwa mwaka wa tatu katika loji moja ndogo ya msituni, juu kwenye milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu huingia mpaka jikoni na nguo hazikauki. Kazi yangu ilikuwa kuujua msitu ule na kuwaeleza wengine. Asubuhi napima mvua iliyonyesha, naandika daftarini, nanywa chai nikiwa nimesimama, kisha tunaingia njiani. Wageni wanataka kumwona kinyonga mwenye pembe, wanataka mbega, wanataka kujua kama ruba wana sumu. Jioni natandaza shuka jeupe mbele ya taa, nondo wanakuja kutua, nawatazama mmoja mmoja na kuandika niliowatambua. Niliishi hapohapo, katika chumba nyuma ya stoo, na kwa hiyo nilipokuwa na jambo moyoni sikuwa na mahali pa kulipeleka.

Jambo lenyewe lilikuwa kifo cha Mzee Hemedi.

Yeye ndiye aliyenifundisha msitu. Mimi nilifika pale na cheti cha chuo, majina ya vitabuni yamejaa kichwani, na wiki ya kwanza nikawaonyesha wageni mti na kuutaja kwa jina la mti mwingine. Hakunisahihisha mbele yao. Walipokwenda kula, alinirudisha palepale, akakwangua gome kidogo kwa panga, akaniambia nifumbe macho ninuse. Tulifanya hivyo kwa miaka miwili, mti kwa mti. Aliniita binti. Nami nilimwita Mzee, ila moyoni alikuwa zaidi ya hapo.

Asubuhi ya siku aliyofariki tulikuwa barazani. Mimi nilikuwa nafuta darubini za wageni, yeye anavaa mabuti. Alisema kuna mti umeangukia njia ya juu, anakwenda kuutazama. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba bega la kushoto limeamka vibaya. Nikamwambia pole Mzee, wala sikuinua macho. Akaenda.

Mchana hakurudi. Mimi na mpishi tulimfuata, tukamkuta ameketi, ameegemea mti mkubwa wa msambu, panga liko mapajani, kama mtu aliyepumzika kidogo. Zahanati walisema ni moyo. Mazishini kila mtu alisema alikwenda vizuri, mahali alipopapenda, bila kuugulia kitandani. Nami niliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyejua kwamba aliniambia juu ya lile bega, ambalo huenda ndilo lilikuwa dalili.

Miezi minane sikuikanyaga njia ya juu. Wageni niliwaambia ina utelezi. Kwa mjane wake, Bi Mwajabu, nilikwenda siku za msiba tu. Baada ya hapo nikimwona kwa mbali kwenye njia ya mashamba ya chai nilikuwa napindia upande mwingine. Wiki ile nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Nilitaka kumpa meneja Jumatatu.

Basi nililala. Na katika usingizi nilijikuta ukumbi wa chakula, ni asubuhi, jua limeingia mpaka chini ya meza. Wageni wamekaa na vikombe vyao, hakuna anayezungumza. Lile shuka la nondo lilikuwa limetandazwa katikati ya ukumbi, na nondo wametulia juu yake mchana kweupe. Nikasikia panga. Ko, ko, mbali. Nikauliza ni nani anayefyeka, hakuna aliyegeuka. Nikaweka kikombe chini, nikafungua mlango wa jikoni, na nje yake hakukuwa na jiko. Kulikuwa na njia ya juu.

Mzee Hemedi yuko mbele yangu. Amevaa sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko, anapanda mlima upesi kuliko nilivyowahi kumwona. Namwita, sauti haitoki. Nakimbia, majani yaliyolowa yananipiga usoni, na kila nikifika pale alipokuwa, yeye ameshapinda kona.

Halafu tuko darasani, chuoni kwangu, lakini miti imeota kati ya madawati na maji yanatiririka ukutani. Yeye ameketi dawati la mbele, magoti yamepanda mpaka kidevuni, ananingoja nifundishe. Nina chaki. Naandika jina la mti ubaoni, herufi zinateremka kama matone. Naandika tena, zinateremka tena. Najua kuna neno moja linalotakiwa pale ubaoni, na ninalijua, na sitaki kuliandika. Yeye hanihimizi. Ameweka mikono juu ya dawati kama mtoto mtiifu.

Ninapogeuka, tumefika penyewe.

Sikutaka kuutazama ule msambu. Niliangalia chini, nikaona miguu yake imenyooshwa, iko peku, na hakuna ruba hata mmoja. Hakuwa ameketi kama tulivyomkuta. Alikuwa ameketi kama mtu aliye kwake. Anakula mhogo wa kuchemsha kutoka kwenye jani la mgomba. Akamega kipande, akaninyooshea.

Tangu utotoni nilisikia kwamba marehemu akikupa chakula ndotoni usile. Nikasita, mkono wangu uko nusu njia. Akacheka, cheko lake lilelile la puani, akakirudisha kile kipande kinywani mwake.

"Hiki si chako," akasema.

Hapo nikakaa chini kwenye majani. Sauti ambayo haikutoka njiani ikatoka sasa, tena bila taabu.

"Mzee, uliniambia bega linauma. Nilisikia, na sikuinua macho."

Alitafuna mpaka akamaliza, akapangusa vidole kwenye sweta. Juu yetu hondohondo wawili walipita, ule mvumo wa mbawa zao unajaza msitu mzima, naye akawasindikiza kwa macho mpaka wakapotea.

"Lile bega sikukupa ulibebe, binti. Nilisema tu, kama mtu anavyosema mvua inakuja."

Nikamwuliza kama aliumia sana. Alifikiri, kama vile nimemwuliza habari za zamani mno.

"Kidogo. Nikakaa. Nikaona niendelee kukaa."

Nilianza kulia, lakini si kwa uchungu. Nililia kama mtu aliyetua kuni kichwani baada ya mlima mrefu, shingo bado inatetemeka. Yeye aliacha nilie. Kisha akainuka kwa wepesi kabisa, akakunja lile jani la mgomba mara mbili, akaliweka kwapani kama gazeti.

"Nenda kwa mama, nyumbani kwangu. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze neno."

Nataka kumfuata, miguu haiinuki, na sina hofu. Anapanda kati ya miti, sweta la kijani linachanganyika na kijani kingine, na mpaka sasa siwezi kusema ni wakati gani hasa niliacha kumwona.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, bati linadondosha matone ya mwisho ya mvua. Mto ulikuwa umelowa machozi. Nilikaa kitandani, nikagundua kwamba ninavuta pumzi mpaka chini kabisa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu hata nikasahau kwamba pumzi huwa inafika huko. Sikupima mvua asubuhi ile. Nilimwambia meneja wageni wanywe chai bila haraka, nina mahali pa kwenda. Nikashuka mlima karibu kwa kukimbia.

Bi Mwajabu alikuwa nje ya nyumba yake, anaanika iliki kwenye mkeka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikaketi ukingoni mwa mkeka bila kukaribishwa. Nikamwambia yote: baraza, darubini, bega, macho yangu ambayo hayakuinuka. Kisha nikamwambia ndoto na nani aliyenituma. Sikupunguza neno.

Mkono wake uliendelea kutandaza iliki palepale palipokwisha kutandazwa.

Kisha akazungumza, polepole, akielekeza maneno kwenye mkeka. Mume wake alimwambia habari za bega hata kabla ya kuniambia mimi. Alfajiri ile aliamka analikanda. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wamegombana juu ya mbuzi ambaye mume alimwuza bila kumshauri mkewe, na hasira ilikuwa bado haijamtoka Bi Mwajabu. Akampa chai, hakumpa neno. Mume alipotoka mlangoni, yeye alisema kimoyomoyo, nenda basi.

"Kila ukinikwepa njiani," akasema, "nilidhani alikuhadithia ugomvi wetu, na wewe unanilaumu."

Nikamwambia sikuwa najua lolote. Nikamwambia nilikuwa nakwepa kwa aibu yangu mwenyewe. Akainua uso akanitazama, mara ya kwanza tangu msiba, na tukakaa hivyo, wanawake wawili waliobeba mzigo mmoja kwa miezi minane, kila mmoja akidhani ni wake peke yake. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akayapangusa kwa pembe ya kanga. Nami nikacheka.

Akaniuliza alikuwaje huko ndotoni. Nikamwambia alikuwa na nguvu, alipanda mlima nikashindwa kumfikia. Akatikisa kichwa taratibu, akitabasamu, kama mtu aliyeletewa salamu kutoka safarini.

"Pale alipokaa," akasema, "mimi sijawahi kupaona. Wanaume ndio walioleta maiti."

Nikamwambia naweza kumpeleka siku yoyote atakayotaka.

Alikwisha kusimama. Alikunja mkeka na iliki zake akauingiza ndani, akafunga mlango, akajifunga kanga ya pili kiunoni. Nilitaka kumwonyesha njia inakoanzia, lakini alikuwa ameshatangulia.