Shemeji alivyochoma hesabu za Tumpe akidhani ni hirizi

Wakuu, shikamoo zenu nazipokea kabla hamjaziandika, maana mimi ni bibi wa huku Ipyana, Kyela, shule niliishia la tatu. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, na majina yote ninayo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Kyela mjini yamejaa mitumba na redio. Binti yangu Tumpe alirudi kutoka chuo kikuu amalizie utafiti wake nyumbani.

Hesabu zake zilikuwa majedwali ya namba. Namba ya juu inashuka mshazari mpaka chini, ileile, na kila mshazari una namba yake.

Alinieleza nikiwa napepeta mchele. Kwenye jedwali zima unatoa namba moja, wanaiita determinant. Ikiwa sifuri, kilichofanywa na jedwali lile hakirudishiki.

Yeye alikuwa analikuza jedwali, linakua, linakua, anatazama namba ile inaelekea wapi. Lile lisilo na mwisho wanaliita operator, na tabia zake, alisema, utazijua kwa jinsi madogo yanavyokua. Alibakiza kuthibitisha kipande kimoja.

(Msinibane hapo, nilishika nilichoshika.)

Wakati huohuo ng'ombe wa shemeji yangu Asangalwisye wakawa wanakufa. Akayaona majedwali mezani. Akasema ni hirizi, ndiyo inayomuulia ng'ombe, aliwahi kuona ya mfanyabiashara mmoja, ina vyumba vya namba hivyohivyo.

Nikamwita Mzee Athumani mwenye duka, mtu wa pwani anayezijua hirizi. Akatazama, akacheka.

"Hirizi ina vyumba tisa, bwana. Huyu mtoto anasoma."

Shemeji akamjibu, "Basi ya kwake kubwa zaidi."

Kesho yake tukiwa shambani tunavuna mpunga, akaingia akachoma karatasi zote kwenye mafiga yangu. Tumpe hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, na zile za chini ya godoro?"

Nazo.

Ng'ombe waliendelea kufa. Bwana mifugo akasema ni ndigana, ugonjwa wa kupe.

Tumpe alijaribu kuandika upya, muda wa chuo ukaisha, akaenda kufundisha sekondari. Miaka mingi baadaye akakuta mtu wa Ulaya amethibitisha kipande kile. Alisoma mpaka mwisho, akasema, "Amepita nilipokuwa napita." Akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Shemeji yupo, kanisani anakaa benchi la mbele. Msamaha hajaomba. Husema alikuwa analinda ukoo.

Funzo ni hili: usichokielewa, muulize aliyekiandika, si mnakula naye chungu kimoja?

Mliochomewa vyenu na ndugu, semeni hapa chini. Na mnaotaka kuniambia nisamehe, andikeni pia. Nitasoma. Kuwajibu siahidi. Ndaga, asanteni.