Nilimpeleka baba mkwe mheshimiwa kwa wakili wa nyumba, Birmingham

Wakuu, kwema humu? Hili nalileta kama lilivyonitokea, chumvi sijaongeza. Mwenye kucheka acheke.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Mimi na mke wangu Neema tulipanga flat hapa Birmingham, landlord akatupa notisi tuhame.

Neema ana mimba kubwa.

Bahati nzuri tulishapata nyumba ya kununua mtaa wa Small Heath, nyuma tu ya Coventry Road. Mortgage ya benki imekubali, deposit yetu ya kutanguliza ipo, imebaki wakili amalize makaratasi. Ila muuzaji alikuwa na haraka, na mteja mwingine anamnyemelea.

Mara baba mkwe akaja kututembelea. Naibu waziri huko nyumbani, mzee wa suti na sauti ya kuamuru.

Sasa nyie mnajua kwetu. Ukitaka jambo liende, unatafuta mtu mzito uongozane naye. Nikajisemea mzee akikaa pale ofisini mambo yatanyooka. Neema alisita, mimi nikang'ang'ania.

Wakili wetu alikuwa Kalasinga aliyekulia Kisumu, Kiswahili anakiongea kama maji. Nikamtambulisha mzee kwa mbwembwe: "Huyu ni Mheshimiwa, naibu waziri, baba yake Neema!"

Yule bwana akaweka kalamu chini.

"Kumbe dada ni binti wa waziri? Mbona hamkuniambia?"

Akatueleza kuna sheria mpya. Mtu wa serikali ya nje na familia yake hawakatazwi kununua, ila lazima ijulikane pesa imetoka wapi, la sivyo yeye hagusi faili. Akamgeukia Neema kwa upole. "Dada, kwenye deposit yenu kuna pesa ya mzee?"

Na kweli. Ipo! Alitutumia wakati wa harusi, na ndiyo ilikuwa karibu nusu ya deposit.

Neema angeweza kukana. Akasema ipo.

"Basi mzee atuonyeshe tu alikoipata. Mshahara, shamba, chochote."

Mzee akawaka. "Wewe uniulize mimi? Unajua unaongea na nani?"

"Samahani mzee wangu, hata angekuwa nani ningemuuliza."

Neema akamshika baba yake mkono. "Baba, waambie tu. Si uliuza ng'ombe? Uliniambia uliuza ng'ombe."

Mzee anaangalia dirishani, mabasi yanapita. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwona mke wangu anaelewa, pale pale kwenye kiti.

Tulirudi nyumbani. Kesho yake Neema akaenda benki akaitoa pesa yote ya baba yake. Deposit haikutosha tena, nyumba ikachukuliwa na yule mwingine. Tukahamia chumba cha kuazima mtaa wa Aston, mtoto akazaliwa tukiwa hapo.

Funzo langu: ukipewa pesa ya nyumba, uliza imetoka wapi kabla wakili hajakuuliza. Na ukubwa wa mtu uache nyumbani, huku unawasha taa nyekundu.

Ila nyumba haikuniuma sana, wakuu. Siku mzee anaondoka, Neema alimpa bahasha yenye ile pesa yake mlangoni. Nilikuwa naomba Mungu aikatae, aape hata kwa uongo kwamba ni halali. Aliitia mfukoni, akauliza kama taksi imefika.

Mngekuwa Neema mngefanyaje? Tiririkeni. Matusi kwa mzee sitaki lakini, ni babu wa mwanangu.