Mla Maharage Aliyerudisha Mke

Mjini San, katika nchi ya Mali, Tenin Traore alisifika kwa mambo mawili: kuchora vitambaa kwa tope, na ulimi wake. Siku alipoanguka kutoka juu ya paa akianika vitambaa, miaka ishirini na sita ya ndoa ilifutika. Mkono uliendelea kuchora bila kukosea, na majina ya miti ya rangi aliyajua yote. Ila mambo yaliyompata mwenyewe, harusi, safari na ugomvi, hayakuwapo tena. Daktari alisema ghala la kumbukumbu lina vyumba vingi, na kilichobomoka ni kimoja.

Mumewe, Zumana Kone, akawa mgeni. Tenin alikataa kulala kwa mwanamume asiyemjua, akahamia kwa kaka yake, Seydu. Huyu alimwonya shemeji yake: "Mgonjwa hashtuliwi. Hata jina la ukoo wako usilitaje, nawajua, mtaanza."

Basi kila Ijumaa Zumana alikwenda na machungwa, akaketi kama aliyekuja kuhani. Seydu humtambulisha, "Huyu ni mumeo," na Tenin humshukuru kwa adabu. Adabu hiyo ilimkata maini, kwa kuwa mkewe hakuwahi kumpa hata siku moja.

Ijumaa moja Seydu hakuwapo. Tenin akamsalimu mgeni kama wageni wasalimiwavyo.

"Karibu, mzee wangu. Wewe wa ukoo gani?"

"Kone."

Tenin akaweka chini kijiti chake cha kuchorea, akamtazama toka kofia hadi viatu.

"Kone, mla maharage. Ndiyo maana hewa imebadilika."

Traore na Kone ni watani tangu enzi za mababu, na utani haungoji ruhusa ya shemeji.

"Mtumwa wangu mtoro," akajibu Zumana, "nimekutafuta siku arobaini."

"Mtumwa ni babu yako. Babu yangu alimwachia huru kwa kuogopa atamaliza ghala."

Wakarushiana maneno hadi adhuhuri. Kisha sauti ya Zumana ikapungua. "Tenin, utarudi nyumbani?"

Tenin akaokota kijiti chake, akakifuta tope. "Mume simkumbuki, nisikudanganye. Lakini Kone namjua. Nyumba ya Kone isiyo na Traore wa kuiamuru itaanguka tu. Haya, beba vyungu vyangu vya tope."

Akavibeba vyote vitatu, kanzu ikachafuka. Njiani Tenin akauliza, "Zamani tukitaniana, nani alikuwa akishinda?"

"Mimi. Kila siku."

"Hilo silikumbuki," akasema Tenin, "ila najua ni uongo."