Mama mkwe anabisha hodi jikoni kwetu kwa sababu ya bastola

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Wakenya wa hapa Texas tunajuana hadi kwa rangi za magari, na wengi wanausoma ukurasa wako. Mimi ni mama wa miaka 38, muuguzi, naishi Mansfield na mume wangu na binti yetu wa miaka tisa. Mume wangu ni Mtaita, mimi ni Mkamba, nyumbani tunaongea Kiswahili na mtoto anatujibu kwa Kiingereza.

Mwaka jana nyumba ya jirani ilivunjwa mchana kweupe. Mume wangu hufanya kazi usiku kwenye ghala na hulala mchana, basi akakosa usingizi. Akaniambia tununue bastola, sikupinga. Tulizijaribu kadhaa kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Yeye alitaka kubwa ya kutisha, lakini kidole changu hakikufika vizuri. Ile ndogo kabisa nayo ilinirukia mkononi kama samaki. Muuzaji akatushauri tuchague inayotukaa sawa sote wawili, tukachukua ya katikati.

Nisiwadanganye, niliipenda. Jumamosi tulikuwa tunakwenda kulenga shabaha, na mimi ninayeogopa hata panya nikawa namshinda. Tulikuwa tunacheka njia nzima. Ndoa ya zamu mnaijua, mmoja anaingia mwingine anatoka, mnasalimiana kwa meseji. Bastola hiyo ilitupa kitu cha kufanya pamoja, ndiyo maana haya yananiuma mara mbili.

Mwaka huu mama mkwe akaja kututembelea kutoka Taita. Huyu mama ananipenda jamani, mimi na yeye ni kama mtu na mamake. Alipanda mchicha nyuma ya nyumba, tukasahau mboga za duka. Kila Alhamisi rafiki yake wa mji wa jirani, DeSoto, alikuwa anampitia waende ibada ya akina mama. Alhamisi moja yule rafiki akaugua, asije. Mama hakumwamsha mwanawe kumwambia, angemwamshaje mtu aliyekesha kazini? Akachukua karai, akaenda kuchuma mboga, akarudi kwa mlango wa nyuma. Hakubisha hodi. Abishe hodi kwa nani, na hiyo ni nyumba ya mwanawe?

Mume wangu alisikia mlango. Alijua mimi niko kazini, mtoto yuko shuleni, mama yuko DeSoto. Akatoka chumbani na bastola, akamwelekezea mama yake kifuani.

Hakufyatua, namshukuru Mungu. Mama alisema tu, "Mwanangu," akaketi sakafuni. Mume wangu alinipigia simu kazini, na nilipofika nilimkuta mama bado anaokota mchicha uliomwagika, na mume wangu amekaa kwenye ngazi analia.

Nilidhani hilo lingetosha. Kesho yake nikamwambia, "Baba nanii, hiyo kitu tuifungie kwa safe, tuwe tunaitoa tukienda range."

Akanijibu, "Mwizi akiingia nimwambie angoje ni-enter code? Shida si bunduki. Shida ni mathe hakusema ako ndani." Kisha akamgeukia mama yake kwa upole. "Mama, ukiingia uwe unasema hodi, nijue ni wewe."

Na mama anatii, hapo ndipo moyo wangu unapopasuka. Mwanamke wa miaka sabini na mbili anasimama mlangoni pa jikoni, ndani ya nyumba, anasema, "Hodi, hodi, ni mimi mamako." Akitoka chooni, hodi. Akitaka maji ya kunywa, hodi. Mchicha umetoa maua na hatoki tena kuuchuma.

Juzi ameniomba nimbadilishie tiketi arudi mapema. Nikamsihi abaki. Akaniambia, "Mwanangu hana ubaya, anaogopa. Lakini mimi sikuja Amerika kuogopwa na mtoto niliyemzaa. Huko nyumbani waambie baridi imenishinda." Baridi gani jamani, Texas mwezi wa saba?

Mume wangu naye anasema tukachague bastola ya pili, ndogo, ikae upande wangu wa kitanda. Nikimwambia hata hii moja itoke, ananiuliza kama nataka siku moja nimkute ameuawa. Nampenda, na najua hofu yake si ya kuigiza. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, mama aende zake kwa amani, mimi nibaki na uongo wa baridi.

Lakini jana mchana nikiwa nimepumzika, binti yangu alisimama mlangoni pa chumba chetu, hakuingia. "Hodi, Mommy. It's just me."

Nikamwuliza nani amemfundisha hivyo.

"Grandma. So Dad knows it's me."

Ndugu zangu, mliokaa kwenye ndoa na mliozikimbia, niambieni. Nimwekee mume wangu sharti achague, bastola au sisi? Nimchukue mtoto niende kwa dada yangu Fort Worth? Au kuna neno la kumwambia ambalo sijalijua? Sioni njia, na mtoto wangu anabisha hodi kwao.