Kanga wa Bi Barke na Kofia ya Odhiambo

Zamani hapa Utange kanga walilala juu ya miti na watu wakalala chini majumbani mwao, na siku hizi watu ndio wanaolala juu, ghorofa juu ya ghorofa, na kanga hawana pa kulala.

Nasema kanga, ndege wa madoadoa mwenye kichwa cha upara. Inanibidi nieleze, kwa sababu kijana mmoja wa ghorofa ya tatu aliniuliza kama ni aina ya bata mzinga. Kijana huyo ana digrii. Mimi shule niliiachia darasa la nne, na yaliyobaki niliyasoma kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari, lakini kanga na bata mzinga siwachanganyi. Wala shikamoo hakunipa. Alinipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi.

Bi Barke alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alimwachia nyumba ya udongo na chokaa, mkwaju mmoja mkubwa uani, na mtoto mmoja mwenye haraka, jina lake Mahir. Mahir alipata kazi kwenye hoteli Shanzu, akaoa, akajenga huko, na mama akabaki peke yake na mkwaju.

Siku moja swila aliingia jikoni mwake, akajizungusha kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Bi Barke alitoka nje akaketi kwenye kigoda hadi swila alipoondoka kwa hiari yake. Kitsao, muuza makaa wa kutoka Bamba, alipopita na baiskeli yake akasikia habari hiyo, alicheka hadi akashikilia usukani.

"Mama Mahir, wewe umemwachia nyoka nyumba! Fuga kanga. Kwetu nyoka akimwona kanga, hugeuza njia."

"Na hao kanga nitawatoa wapi?"

"Mimi nitakuletea mayai. Lakini usimpe kanga alee. Kanga ni mama mbovu. Hutembeza watoto kwenye umande asubuhi, wanakufa mmoja mmoja nyuma yake, wala hageuki kutazama. Tafuta kuku."

Nikamwambia Kitsao kwamba kina mama wa namna hiyo siku hizi hata si kanga peke yao. Hakuna aliyecheka.

Bi Barke akamchagua kuku wake wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Nilimuuliza kwa nini huyo, na kuku wazuri wapo. Akanijibu, "Bwana Abdulghani, hawa watoto watakua na shingo tupu. Kheri wamzoee mama anayefanana nao."

Mayai ya kanga hukaa sana kuliko ya kuku. Siku za kuku zilipopita na hakuna kilicholia, Kishingo alianza kuinuka, akayatazama mayai, akamtazama Bi Barke. Bi Barke alivuta kigoda akaketi kando yake, nami kwa masikio yangu nilimsikia akimbembeleza, "Vumilia, mwanangu. Ni wageni hao, wanatoka mbali." Na wallahi kuku alikaa. Wakatoka vifaranga wenye mistari kama mbegu za tikiti maji, wanaokimbia kabla hawajakauka.

Kwa wale vifaranga mama huyu alifanya mambo ambayo Mahir mwenyewe hakufanyiwa. Aliwafungia ndani mpaka umande ukauke. Aliwatilia kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye chungu kibovu, akakifudikiza chini ya mkwaju, na kesho yake akakifunua kimejaa mchwa. Na walipokua wakaanza kutaga vichakani nyuma ya choo, hakuyagusa mayai kwa mkono, kwani kanga akihisi mkono wa mtu kiotani harudi tena. Aliyateka kwa upawa wenye mpini mrefu, kama mtu anayepakua mchuzi, na kila mara akabakisha mawili matatu. Siku moja Wardah, mkewe Mahir, alikuja kumtembelea, akauona upawa huo ukutani akapakulia samaki wa nazi. Bi Barke samaki hakumgusa. Alikula mkate mkavu.

Kishingo naye hakujua kwamba alilea watoto wa watu. Jioni kanga waliporuka juu ya mkwaju, yeye alizunguka shina akiwagombeza washuke. Asubuhi waliposhuka walijipanga nyuma yake, wakubwa kumshinda, wakamfuata uani kama watoto wa chuo cha Kurani wakimfuata mwalimu wao. Na kelele, usiniulize. Walimpigia kelele nyoka, wakampigia kelele muuza mitungi ya gesi, wakanipigia na mimi wanayenijua, nikienda alfajiri msikitini. Lakini swila hakuonekana tena.

Ndipo Mahir akaja na mpimaji wa ardhi. Mpimaji alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu katikati ya ua, akainama atazame, na alipoinua kichwa alikuwa amezungukwa. Kanga walidhani lile ni joka la aina mpya. Alipima nusu ya uwanja, nusu nyingine akaikisia akiwa nje ya lango.

"Mama," akasema Mahir, "nyumba hii itakuangukia. Njoo ukae kwangu Shanzu. Hapa tujenge, tupangishe."

"Mjenge kama hili?" Bi Barke akanyoosha kidole kwenye ghorofa la jirani, lililokwisha kutufungia upepo wa baharini.

"Ndiyo, mama. Kama hilo."

Bi Barke akautazama mkwaju wake. Nilidhani atakataa, na nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno ya kumuunga mkono. Akasema, "Haya. Nyumba mnaweza kuivunja, na mti mnaweza kuukata. Lakini hawa wakae nami, wote. Asipokuwa mmoja, nitarudi hapa nikae kwenye kifusi. Umesikia?"

"Naam, mama."

Wajua mtu mwenye haraka. Siku ya kuhama alimtanguliza mama kwa tuktuk, akabaki kuwatia kanga kwenye matenga. Matenga yalijaa akabaki Kishingo nje. Mahir akamtazama yule kuku mzee mwenye shingo kama ya fundi aliyepigwa na jua, akaona hasara kumpandisha gari. Akamwita Odhiambo, soja anayelinda lango la ghorofa la jirani.

"Chukua kitoweo," akamwambia.

Mimi nilikuwepo. Nilisema, "Mahir, huyo ndiye mama yao." Akanijibu, "Mzee, huyu ni kuku, wale ni kanga." Basi, nani atamfundisha mtu wa hoteli tofauti ya kuku na kanga?

Huko Shanzu Bi Barke aliagiza kanga wafungiwe ndani mpaka wapazoee, na kila siku aliuliza, "Kishingo yu wapi?" Mahir akajibu, "Anakuja, mama." Wardah alizivumilia kelele mpaka akashindwa, na asubuhi moja mtu akafungua mlango. Nani, hakujulikana hata leo. Kanga wakatoka bila mama wa kuwazuia, wakashika njia ya kwao.

Walikuja kwa miguu! Waliivuka barabara ya Malindi kwa mstari mmoja, taratibu, na bodaboda, matatu na lori la mchanga vikasimama kuwangoja. Sijapata kuona vijana wa siku hizi wakivuka kwa adabu kama ile. Nikawaona wakiingia uani kwa Bi Barke, wakasimama mahali palipokuwa na mkwaju. Palikuwa na kisiki tu. Walikizunguka, wakakipigia kelele, kisha wakaruka juu ya ukuta, na kutoka ukutani wakapanda ghorofa la jirani, kibaraza hadi kibaraza, mpaka kwenye matangi ya maji.

Wapangaji walipiga kelele kuliko kanga. Yule wa digrii alitoka na taulo kiunoni akauliza kama ni moto.

Baada ya adhuhuri tuktuk ikafika. Bi Barke akashuka na bakuli la mtama, Mahir nyuma yake na matenga. Akatikisa bakuli, akawaita. Kanga waliinamisha vichwa, wakamtazama, hawakushuka.

"Niletee Kishingo," akasema.

Mahir akatazama viatu vyake.

"Mwanangu, nakuuliza mara ya mwisho. Kishingo yu wapi?"

"Mama... nilimpa Odhiambo."

"Ulimpa amtunze?"

Bi Barke aliliweka bakuli chini, akaenda akaketi juu ya kisiki. "Rudi kwa mkeo," akasema. "Mimi nimefika."

"Mama, hapa hapana nyumba!"

"Pana kisiki."

Sote tukamgeukia Odhiambo. Alikuwa amesimama langoni, kichwa wazi katika jua lile kali, bila kofia yake ya kazi ambayo hata akilala haivui. Jasho lilimtiririka. Nikasema moyoni, huyu amekwisha kula, na sasa nyama inamsuta.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Alikuwa mtamu?"

"Mama, sikumla. Wallahi." Odhiambo ni Mkristo, lakini amekaa Kisauni miaka mingi. "Maji yalikuwa jikoni yanachemka, kisu nimenoa. Nikaenda kumchukua, nikamkuta ameingia kwenye kofia yangu, niliyokuwa nimeivua kwa joto la jiko. Ametaga, amekaa. Sasa kuku anayelalia, mama, nitamchinjaje? Hata kwetu huwezi."

"Hata kwetu," akasema Bi Barke, akainuka.

Tukaingia kwenye kibanda cha soja. Pale pembeni, kwenye kofia ya buluu yenye nembo, Kishingo alikuwa amejaa kama unga uliofura. Kuku aliyehesabiwa kuwa ameisha! Alimtazama Mahir kwa jicho moja, akamdonoa mkono.

Bi Barke aliinyanyua kofia pamoja na mwenyewe ndani, akaitoa uani akaiweka juu ya kisiki. Kishingo, kwa kusumbuliwa, akaanza kugombeza. Juu kwenye matangi, kelele zikakatika ghafla. Sijawahi kusikia kimya kama kile hapa tangu lijengwe ghorofa. Kisha kanga mmoja akashuka kwenye kibaraza cha nne, akafuata mwingine, mpaka wote wakawa chini wameizunguka kofia, vichwa wameinamisha, wakitukanwa na mama yao. Tukawatia kwenye matenga wala hawakubisha.

Nilitaka Bi Barke aseme kwamba atabaki. Hakusema. Alikitazama kile kisiki, akamtazama mwanawe aliyekuwa amechafuka mavi ya kanga mpaka kwenye shati, akacheka. "Wote wapo," akasema. "Twende."

Odhiambo akakimbilia tuktuk. "Mama, na kofia yangu?"

"Utaipata wakishaangua."

"Na mkubwa wangu nitamwambia nini?"

"Mwambie imekaliwa."

Hapo ndipo nilipowaona mara ya mwisho. Mahir amekunjwa mbele kando ya dereva, kapakata tenga mapajani. Nyuma Bi Barke, kofia imetulia miguuni pake, na ile shingo tupu imechomoza, inamgombeza dereva aende polepole. Kanga wakampigia kelele kila mtu mpaka kona ya barabara ya Malindi, na baada ya kona niliendelea kuwasikia. Kisha sikuwasikia.

Kofia haijarudi. Odhiambo anafunga kikoi kichwani kama kilemba, na watu wa ghorofani wanamwita Sharifu.